Siku Mkwe Wangu Aliponitazama Usoni

Mimi sisifu mtu ovyo. Watoto niliowazaa walilijua hilo, na wajukuu wamelijua kabla ya kujua kutembea. Mtoto akifagia uwanja vizuri simwambii asante, kwa sababu kazi ya uwanja ni kuwa safi. Lakini jambo hili nitaliandika, kwa mkono huuhuu uliosoma mpaka darasa la tatu kisha ukashika jembe, ili siku nisipokuwepo mtu asije akalisimulia kwa kulipunguza.

Mjukuu wangu aliandika mchezo wa kuigiza. Si ule wa Krismasi wa wachungaji na kondoo. Ni mchezo wa watu wazima, wa saa moja na nusu, na habari yake ni umeme wa nyuklia.

Mkicheka, chekeni. Hata mimi nilicheka. Tunakaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nyumba ya matofali mabichi, na taa yetu ni ya sola, ambayo baba yake ameitengeneza mara nne. Nilimuuliza mtu asiye na balbu anagombania nini na atomu. Akaweka kalamu chini, akanieleza kwamba nchi nyingi za Afrika zimeanza kuzungumzia vituo hivyo, na kwamba jiwe lenyewe linalotumika humo limechimbwa kwetu Kongo, na huku Malawi kaskazini pia limechimbwa, kwa hiyo si habari ya Wazungu peke yao.

"Koko," akaniambia, maana kwetu koko ndiye bibi, "siku bataamua, bataamua juu ya shamba ya mutu kama weye. Na we hautaki hata kujua banaongea nini?"

 Nikamtuma maji.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kuna nchi isiyo na jina, yenye ziwa. Serikali inataka kujenga kituo cha nyuklia ufukweni. Enjenia mmoja anatumwa kuwaambia watu wa pale wahame, na shamba la kwanza kwenye karatasi yake ni la mama mkwe wake. Mke wake ni muuguzi. Anamsikia mume akisema hospitali itapata umeme usiku na mchana, anamsikia mama akisema moto huo hakuna anayejua kuuzima, na yeye yuko katikati. Mwishoni anaulizwa anamfuata nani, na mchezo unakwisha kabla hajajibu. Watu wanaondoka na swali.

Mjukuu wangu alikuwa akitaja mizani kutwa nzima. Akasema upande mmoja ukilala, mchezo umekufa. Na si yeye peke yake. Aliandika barua kwenye ukumbi mmoja wa michezo Lilongwe, wakamjibu kwamba wanampa Jumamosi moja alasiri, lakini wanataka mjadala, hawataki mahubiri. Mtu wao atakuja Dzaleka Jumatano ya wiki hiyohiyo kuangalia. Akiona pande mbili zimesimama, sawa. Akiona zimeinama, Jumamosi ile inakwenda kwa watu wengine. Mtoto alibeba barua hiyo kifuani kama kitambulisho. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hajawahi kupewa kitu na mtu yeyote nje ya kambi.

Waigizaji walikuwa watatu. Enjenia alikuwa baba yake mzazi, ambaye kwetu alikuwa fundi umeme na hapa anatengeneza sola na simu. Mke alikuwa mshonaji mmoja Mrundi, jirani yetu, mwanamke wa kucheka na kila mtu. Mama mkwe alikuwa mama mmoja wa Kindu, Mwislamu, muuza vitenge, mwenye sauti ya kusimamisha soko. Kutoka kambini kwenda mjini namna hiyo kunahitaji kibali, na kibali kina majina. Waliandikwa hao watatu, na mjukuu, na mimi. Mimi niliandikwa kwa sababu nilisema msichana haendi mjini bila mtu mzima wa kuangalia nguo na chakula.

Wiki mbili kabla ya siku, mama wa Kindu akaitwa. Ndege yake ya kwenda kuishi ng'ambo ilikuwa imepatikana, yeye na watoto wake, baada ya kuingoja miaka mingi. Alikuja kutuaga analia na kucheka pamoja. Nani atamkasirikia mtu aliyepata ndege? Tulimpikia, tukamsindikiza. Lakini aliporudi nyumbani mjukuu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasoma kibali mara tatu. Kubadilisha jina kungechukua mwezi. Mwanamke mzee aliyebaki pale kwenye karatasi alikuwa mmoja tu, mimi.

Nilimwambia mimi si mtu wa kuigiza. Akasema, "Koko, hauhitaji kuigiza. Uko vile tu."

Lakini shida haikuwa mimi kuigiza. Enjenia ni mkwe wangu kweli, mume wa binti yangu, na kwetu, milimani juu ya ziwa Tanganyika, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja. Wakikutana njiani mwanaume anatoka pembeni, anageuza uso mpaka mama apite. Si chuki. Unamwogopa mtu aliyekuzalia mke, na hofu hiyo ndiyo heshima yenyewe. Tunaiita bukwe.

Kambini wengi wameiacha. Nyumba zimebanana, bomba ni la wote, utamkwepa mtu mpaka wapi? Mkwe wangu, anayekaa mtaa wa pili, hakuiacha. Binti yangu alifariki miaka tisa iliyopita, tulipokuwa tunakimbia, kabla hatujafika Malawi. Alishikwa na uchungu njiani, tukamfikisha kwenye kituo kidogo cha afya, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Mkunga alitafuta tochi. Tochi ilipopatikana hakukuwa na wa kuokolewa, si mama, si mtoto. Tangu siku ile mtu angeweza kusema bukwe imekwisha, mke hayupo, kila mtu ashike njia yake. Yeye hakusema hivyo. Kwenye foleni ya unga akiniona nyuma yake alitoka, akapoteza nafasi, akaenda mwisho. Wanaume wenzake walimcheka. Mimi nilitembea mbele yake kichwa juu, na sikumwambia mtu yeyote jinsi nilivyojivunia.

Basi tukaanza mazoezi kwenye jengo la kanisa, saa za mchana ambapo halina watu.

Maneno niliyajifunza nikitwanga. Natwanga sombe, majani ya muhogo, nauza yaliyokwisha kutwangwa. Mjukuu alikaa kwenye kizingiti akinisomea mstari, nami nikaurudia, neno moja kwa kila pigo la mchi. Kwa njia hiyo neno linaingia mkononi, halitegemei kichwa. Siku ya tatu nikamsimamisha. Alikuwa amemwandikia mama mkwe maneno mengi ya mizimu: mizimu ya ufukweni imekasirika, mizimu haitaki nyaya. Nikamwambia mama huyo simjui. Mimi nina miaka sitini na kitu na sijawahi kukataa kitu kwa sababu ya mizimu. Nakataa kitu nisipokielewa.

Akaniuliza, kama mimi ningekuwa na shamba lile, ningemuuliza nini enjenia.

Nikafikiri huku natwanga. Nikamwambia mimi najua moto. Nimewasha kuni, nimewasha makaa, nimewasha pumba za mchele, nimewasha hata viatu vya plastiki siku ya mvua. Kila moto una jivu. La kuni naweka shambani, la makaa nasugulia sufuria. Hilo la atomu wanalitupa wapi? Mjukuu aliniangalia sana. Kisha akafuta mizimu yote, kurasa mbili, akaandika jivu. Baadaye alikwenda kusoma kwenye simu akarudi akaniambia kwamba wenye elimu duniani wanagombana juu ya hilohilo. Sikushangaa. Mtu yeyote anayefagia jiko lake angeuliza.

Kwa hiyo upande wangu ulisimama. Wa mkwe ndio ulioanguka.

Mkwe wangu anajua anachosema. Hakuna kambini anayeweza kueleza umeme kama yeye, na maneno ya enjenia ni kama ya kwake, kwa maana mtoto aliyaandika akimsikiliza. Lakini kila mara nilipoingia, alikuwa anageuka ukutani. Hakukusudia. Shingo yake ilikuwa imezoea. Aliuambia ukuta kwamba kituo ni salama, akaliambia dirisha kwamba watu watalipwa mashamba mapya, akaviambia viatu vyake kwamba watoto watasoma usiku.

Mshonaji, aliyekwisha kushika Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho "ndio" ni "njo", akamuuliza, "Enjenyeri, ile ukuta njo ilikuzalia muke?"

Tulicheka, hata yeye. Lakini kulikuwa na watu wanachungulia madirishani kama kawaida ya kambi, na mazoezi yalipokwisha niliwasikia. Walisema yule bwana anaficha kitu. Walisema hata yeye haamini, angeamini angemtazama mama machoni. Mzee mmoja akasema serikali ndivyo ilivyo, ikidanganya inatazama chini. Wote walikuwa upande wangu, na hakuna hata mmoja aliyetaja hoja. Walikuwa wameona shingo tu.

Mshonaji alileta dawa zake. Kwanza alitundika chitenje katikati yetu, mimi huku, mkwe kule, tuongee kupitia kitambaa. Ikawa kama watu wanaogombana bafuni. Kisha akajaribu kupeleka maneno yeye: mume anamwambia, "Mwambie mama yako," naye ananiambia, nami najibu, "Mwambie mume wako." Watu wa madirishani walicheka mpaka wakashika mbavu, na mchezo wa nyuklia ukawa kichekesho cha harusi.

Mjukuu hakucheka. Alimwambia baba yake taratibu kwamba nyuklia yake inashindwa kila siku kwa sababu ya kuangalia chini, na kwamba mtu wa Lilongwe atakuja kuona mahubiri. Baba akamjibu yeye, huku amenipa mgongo mimi, "Mwambie koko yako mi siwezi kumukosea heshima mbele ya bantu. Hata kwa mchezo."

Mtoto akanigeukia. Nikasema mchezo ni mchezo, aachwe aangalie atakako. Nilisema hivyo nikijua ni uongo.

Hapa lazima niwaeleze kitu, bila hivyo hamtaelewa. Bukwe ina mlango. Mkwe akitaka, na mama akikubali, analeta kuku na kitenge. Mama anapika, mkwe anamnawisha, mama anampa tonge kwa mkono wake, mkwe anakula mbele yake. Baada ya hapo wanatazamana na kuongea kama watu wengine. Kwetu watu wanafanya hivyo mama anapozeeka na hana mwingine wa kumtunza. Ukishafungua haufungi tena. Na mkwe wangu alikuwa ameniomba. Alituma mtu miaka sita iliyopita, nikakataa. Alituma tena mwaka jana, nikakataa, na mjumbe nikamwambia asirudi.

Sababu sikumpa mtu. Binti yangu hakuacha kaburi ninaloweza kulifikia. Hakuacha picha. Alichoacha ni mtoto mmoja wa kike na mwanaume mmoja anayegeuza uso akiniona. Kila alipogeuza uso, ilikuwa kama mtu amesema kwa sauti kwamba binti yangu aliolewa, kwamba alikuwepo. Nikimfungulia, atakuwa mwanaume tu wa mtaa wa pili.

Jumapili jioni, jua bado liko juu ya paa, mjukuu alinikuta natwanga. Hakukaa. Aliniambia kwamba kesho atawaandikia Lilongwe wasimtume mtu Jumatano. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi, na baba yake ndiye aliyekataa. Akasimama mbele ya kinu.

"Si baba, Koko. Ni weye. Alituma bantu mara mbili."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema kambi nzima inajua. Nikaendelea kutwanga.

"Unafikiri ukimuangalia baba, mama atakufa mara ya pili," akasema. "Mi niko hapa. Si mi njo nilizaliwa na ile ndoa?"

Sikuzoea kujibiwa hivyo na mtoto. Siku nyingine ningemwambia aende akatafute adabu ilipoangukia. Siku ile nilitwanga mpaka sombe ikawa uji, haikuuzika, tukala wenyewe siku mbili. Alikuwa amesimama palepale, miguu yake imepanuka kidogo, kama mama yake alivyokuwa akisimama akinipinga. Na nilikuwa nikitafuta kumbukumbu ya mama yake kwenye shingo ya mwanaume.

Asubuhi nilimwita mshonaji. Nikamwambia ampelekee mkwe wangu habari kwamba kama lile ombi lake bado lipo, Jumanne nipo nyumbani.

Alikuja saa nne asubuhi, amevaa koti la kanisani, na kuku kwapani. Kitenge kilikuwa cha kijani, kimechaguliwa na mtu anayejua kwamba sipendi maua makubwa. Mshonaji alisimamia maneno, ingawa Warundi wana taratibu zao na ilibidi nimsahihishe mara mbili. Mjukuu alichinja. Nilipika mwenyewe, na ugali wa mahindi ya huku, ambao baada ya miaka yote hii nimekubali kuuita nsima.

Akaninawisha. Aliangalia maji, si mimi. Nikamega tonge, nikachovya, nikampa. Akala. Kisha ilimpasa ainue uso, na akakaa muda mrefu bila kuinua, mpaka mshonaji naye akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Alipoinua, niliona mwanaume ambaye simjui. Ndevu zina mvi kidevuni. Juu ya jicho la kushoto ana kovu. Amekuwa mkwe wangu miaka zaidi ya ishirini na sikujua kwamba ana kovu.

"Mama," akasema, "ile siku bazee balisema tulale kwanza palepale kijijini, mi nikasema tutembee. Mi njo nilichagua njia. Nilituma bantu mara mbili sababu nilitaka nikuambie hii kwa mudomo yangu, si kwa mudomo ya mutu mwingine."

Miaka tisa alikuwa na neno hilo tumboni, nami nilikuwa nimemfungia mlango nikidhani nalinda heshima. Sikulia. Nilimwambia kile ninachokijua. Waliobaki kijiji kile usiku ule hawakuamka. Tungelala, tusingeamka sisi sote, na huyu anayeandika michezo angekuwa mmoja wetu.

"Njia haikumuua," nikasema. "Taa njo ilizima. Sasa kula, chakula inapoa."

Akala. Nami nikala mbele yake, na sikuona haya.

Jumatano mtu wa Lilongwe alikuja, kijana mpole mwenye daftari, akaja na kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, kutoka barabarani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa benchi la mbele. Mkwe alisahau mstari mmoja, mimi niliruka miwili. Lakini nusu ya watu wa madirishani walianza kunizomea mimi. Nikajua mizani imerudi. Kijana alifunga daftari akamwambia mjukuu, "Tuonane Jumamosi."

Nilikuwa nimewahi kufika Lilongwe mara mbili tu, zote hospitali. Safari hii nilikwenda nimevaa kitenge cha kijani, nimeketi mbele kwenye minibasi, na fuko la nguo za mchezo magotini. Ukumbi ulikuwa na viti vya kukunja na pazia la kweli. Walikuja Wamalawi wengi, vijana wa chuo, na wenzetu wanaofanya biashara mjini. Kwa kuwa mchezo ni wa Kiswahili, mjukuu alitoka mbele kabla ya kila sehemu, akaeleza kwa Chichewa kinachokuja. Sikujua kwamba Chichewa chake kimefika hapo.  Aliweka mikono nyuma na kuongea na watu wazima kana kwamba wamekuja nyumbani kwake.

Sehemu yenyewe ni ile ya enjenia kumfuata mama mkwe shambani. Mkwe wangu aliingia na karatasi yake. Mimi nilikuwa nachambua maharage ya kweli, kwa maana nilikataa kuchambua hewa. Akasema serikali imeamua. Akasema umeme utafika mpaka kwenye zahanati ya mwisho. Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba mashamba hayahami kama mbuzi. Watu wakacheka upande wangu.

Halafu akaacha karatasi. Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, jambo ambalo halikuwemo kwenye mazoezi, akasema mstari ambao mtoto aliuandika na ambao mpaka siku ile alikuwa ameuambia ukuta.

"Mama, hata giza inaua."

 Mikono yangu ikasimama kwenye maharage. Baadaye mjukuu aliniambia kwamba nyuma ya pazia alidhani nimesahau, na alikuwa ameanza kuninong'oneza. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa naangalia kovu lile, na kufikiri kwamba mtu huyu yuko upande wa umeme kwa sababu ambayo mimi, katika watu wote waliokaa pale, naijua kuliko wote. Ningeweza kumkubalia palepale. Ningesema, kweli mwanangu, chukua shamba. Na mchezo wa mtoto ungekufa kwa kuinamia upande wa pili.

Nikaweka maharage chini.

"Giza najua inaua," nikamwambia. "Nilizika mutu. Lakini moto yote iko na jivu, mukwe wangu. Ile jivu yako, utaitupa wapi?"

Hilo la kuzika halikuandikwa. Akalipokea. Akanijibu ya kwenye mchezo, kwamba watalifukia chini kabisa, ndani ya mwamba, na kulinda miaka elfu na elfu. Nikamuuliza anitajie mtu mmoja aliyewahi kulinda kitu hata miaka mia. Hakuinama. Akasema, "Siwezi, Mama. Na we unitajie mutu mumoja aliyezaa salama ndani ya giza kwa bahati peke yake, kila mara." Hilo nalo halikuandikwa. Tukatazamana. Mshonaji akaingia akiwa mke, akasimama katikati yetu, na sijui aliigiza au hakuigiza, lakini machozi yalikuwa ya kweli. Akaulizwa anamfuata nani. Akafungua mdomo. Pazia.

Hawakupiga makofi mara moja. Walianza kuongea kwanza, hukohuko kwenye viti, mtu na jirani yake, kisha ndipo makofi. Mlangoni walikuwa bado wanabishana. Kijana mmoja wa chuo alimshika mkwe wangu mkono akimwambia ana haki kabisa, nchi haiwezi kupika kwa makaa milele. Mama mmoja Mmalawi alinishika wangu. "Zikomo, agogo," akasema, yaani asante bibi, na kwa Kiswahili cha kuungaunga akaniambia kwamba lile jivu hatalala nalo. Na mume wake, aliyesimama nyuma yake, akatikisa kichwa kukataa. Walikwenda nyumbani hawajapatana. Hicho ndicho alichokitaka mtoto.

Walimuuliza yeye, mwandishi, yuko upande gani. Akasema upande wake haumo kwenye mchezo, wamwambie wao wa kwao. Wakamuuliza kama ana mchezo mwingine. Akasema anao nusu. Sikujua hata hiyo nusu ipo. Nilikuwa nakunja nguo nyuma ya pazia na nilikunja koti moja mara tatu, kwa sababu sikutaka mtu anione uso wangu ulivyokuwa.

Kurudi, minibasi ilijaa, na kiti kilichobaki karibu yangu akakikalia mkwe. Zamani angesimama mpaka kambini. Akaanza kunieleza tena jinsi wanavyofunga lile jivu, chuma ndani ya saruji ndani ya mwamba, akichora kwa kidole kwenye goti la suruali. Nikamwambia bado hajanijibu. Mshonaji akasema mchezo umekwisha, tupumzike. Hatukupumzika. Ni mtu mwenye hoja, huyu, na miaka yote hiyo nilikuwa sijui. Mjukuu alikuwa amelala kinywa wazi, kichwa kwenye fuko la nguo.

Kwenye kizuizi cha barabarani polisi akaingia, akaomba kibali, akasoma majina na kulinganisha na nyuso. Akafika kwangu, kisha kwa mkwe, akamuuliza huyu mzee ni nani wako.

"Mama yangu," mkwe akasema.

Polisi akakunja karatasi aondoke. Nikamwambia asubiri kwanza, asome vizuri. Karatasi ya serikali iwe na ukweli.

"Mama mkwe," nikamwambia. "Mimi nilimzaa mke wake."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, tumebanana bega kwa bega. Akaturudishia kibali. Gari likaondoka, na mkwe wangu akaendelea palepale alipokatishwa, kwenye ule mwamba.